Namna ya Kulitumia Neno "Unyama"

Kabla ya kuliandika neno unyama, kumbuka kwamba halimsemi mnyama hata kidogo. Simba akimrarua swala mbugani Serengeti, hatusemi kwamba amefanya unyama, kwa kuwa ametenda lile aliloumbiwa. Neno hili huja pale mwanadamu, aliyetarajiwa kuwa na utu, anapotenda kana kwamba hakujaliwa nao. Ndiyo maana kinyume chake hasa si upole wala huruma, bali ni utu, na maneno hayo mawili yameundwa kwa njia moja kutoka mtu na mnyama.

Kisarufi, neno hili huchukua upatanisho wa u-: unyama huu, unyama wao, unyama uliotendeka. Halina wingi, na anayelitafutia wingi kwa kuondoa u- ataishia buchani. Ukitaka kuhesabu matendo, andika vitendo vya kinyama. Kinyama pia husimama peke yake kama kielezi, kama katika alipigwa kinyama, na kwa maana hiyo limeingia hata katika Katiba ya Tanzania ya mwaka 1977, ambayo katika ibara ya 13(6)(e) inakataza mtu kuadhibiwa kinyama.

Penye kuhitaji uangalifu zaidi ni kauli ya kutendewa. Ukiandika kwamba msichana alifanyiwa unyama, wasomaji wengi watafahamu kuwa alibakwa, kwani magazeti yamezoea kulistiri jambo hilo kwa maneno hayo. Kwa hiyo, kama alipigwa au alifungiwa ndani bila chakula, litaje tendo lenyewe kwanza, kisha ndipo uliite unyama. Vilevile usilipoteze neno hili kwa mambo madogo: mwenye nyumba aliyepandisha kodi ghafla ana tamaa, pengine hata ni mkatili, lakini akiitwa mnyama, hatutabakiwa na neno la kumwita anayemchoma mtoto kwa pasi.

Baadhi ya waandishi huchanganya unyama na hayawani. Hayawani limetoka Kiarabu, ambako maana yake ya msingi ni mnyama. Kwetu limebeba pia dharau ya kumwona mtu kuwa hana akili wala adabu. Unyama hulaumu tendo, ilhali hayawani humtukana mtu mwenyewe, na kwa sababu hiyo katika taarifa au barua rasmi mimi hulichagua la kwanza bila kusita.

Kuna pia matumizi ya vijana na ya mashabiki wa Simba ya Msimbazi, klabu iitwayo Mnyama, ambao husema "unyama mwingi" kwa kusifu. Hapo maana imegeuka kabisa, ila upatanisho ni uleule, hivyo sentensi yenyewe haitamsaidia msomaji kutofautisha sifa na lawama. Katika maandishi rasmi, sifa hiyo iwekee alama za kunukuu au uiache uwanjani.