Wembe wa babu: soma kwanza, sugua baadaye

Kazi yangu ni kunoa visu na mikasi hapa Ngamiani, Tanga. Kila baada ya muda huja mtu na wembe wa kukunja uliokutwa chini ya sanduku la marehemu. Juzi kijana wa Pangani alinikabidhi mmoja, kaufunga kwenye kipande cha kanga.

"Shikamoo fundi. Huu wa babu. Nimeupitisha msasa kidogo, ung'ae."

"Marahaba. Hapo ulipopitisha msasa ndipo lilipokuwa jina la kiwanda chake."

Kama wako bado haujaguswa, fuata mpangilio huu.

Hatua ya 1: Soma shina

Kati ya ubapa na pini ya mpini kuna kichuma kinene. Mimi nakiita shina. Muhuri wa kiwanda hugongwa hapo. Tia tone la mafuta ya cherehani, sugua kwa mswaki mkuukuu, kisha ulaze wembe ubavuni mwa taa ili herufi zitoe kivuli.

Mara nyingi utasoma Sheffield, Uingereza, au Solingen, Ujerumani. Neno "Germany" lina kisa chake: sheria ya Uingereza ya 1887, kisha ya Marekani iliyoanza kazi 1891, zilitaka bidhaa za nje zitaje zilikotoka. Kwa hiyo wembe wenye neno hilo kwa kawaida si wa kabla ya miaka hiyo. Lakini usikimbilie kusema uliachwa na askari wa Kijerumani. Waingereza waliuchukua mji huu 1916, na Solingen iliendelea kutengeneza nyembe miaka mingi baadaye. Taji lenye herufi V R huelekeza enzi za Malkia Victoria, 1837 hadi 1901.

Utazame pia kwa mbele. Ukiwa mnene kama kabari, huo ni mtindo wa kale. Ukiwa umekombwa pande zote mbili, ukiugusa makali kwa ukucha taratibu hulia kama kengele ndogo.

Hatua ya 2: Nusa mpini

Sugua mpini kwa dole gumba mpaka upate joto, kisha nusa. Ukisikia kafuri, ile ile ya kuoshea maiti, hiyo ni seluloidi, plastiki ya kale. Usiisogeze karibu na moto, inawaka vibaya. Ikianza kuoza hutoa mvuke wa asidi unaokula chuma, basi usihangaike nayo: toa pini, weka mpini mwingine. Pembe ya ng'ombe au nyati haina shida, ipake mafuta tu. Pembe ya ndovu ni habari nyingine. Usiiuze wala kuisafirisha kabla hujaulizia kibali kwa watu wa wanyamapori.

Hatua ya 3: Tafuta ufa

Pitisha pamba kwenye makali. Ikinasa, angalia hapo kwa lenzi. Pengo dogo huondoka kwenye jiwe. Ufa unaopanda kuelekea mgongoni hauondoki; wembe huo utundike ukutani.

Hatua ya 4: Ondoa kutu

Hapa ndipo wengi wanapoharibu. Kutu nyekundu iko juu tu: ilowanishe mafuta usiku kucha, asubuhi ifute. Madoa meusi yameshachimba vishimo. Ukitaka kuvimaliza vyote utabaki na karatasi, kwa hiyo vilivyo mbali na makali viache.

Laza ubapa kwenye ubao, funika makali kwa utepe wa gundi. Zungushia msasa wa maji namba 600 kwenye kizibo cha chupa, sugua kutoka mgongoni kuelekea kwenye makali, usirudi nyuma. Endelea na 1000, halafu 2000. Shina liruke kabisa. Malizia kwa dawa ya kusugulia shaba na fumba la nyuzi za mkonge. Mkonge hapa kwetu haununuliwi kwa shida, na viwanda vya ng'ambo huutumia kung'arishia vyuma.

Mashine usiikaribie. Mwanzoni niliweka wembe mmoja kwenye gurudumu; mara ukingo ukageuka kahawia, kisha samawati. Chuma kikifika hapo ugumu wake umekwisha. Nikiunoa asubuhi, jioni haukati hata uzi.

Hatua ya 5: Noa

Kinoo cha panga hakifai. Tafuta mawe ya kunolea kwa maji, namba 1000, 4000 na 8000. Mgongo na makali vyote viguse jiwe, makali yatangulie. Usiukandamize. Mgongo ndio unaokupimia pembe, ukiuinua umejiharibia. Ukigeuza, geuzia mgongoni. Usihame jiwe la 1000 mpaka wembe ukate nywele za mkononi kuanzia shinani hadi nchani.

Hatua ya 6: Upitishe kwenye mkanda

Sasa kinyume chake: mgongo utangulie, makali yafuate. Mara 20 kwenye turubai la pamba (langu ni kipande cha tanga kuukuu la jahazi), mara 50 kwenye ngozi iliyovutwa sawasawa.

Wembe huu ni wa mtu mmoja. Kama wewe ni kinyozi, kwa wateja tumia wa kutupa. Magonjwa ya damu hayachagui mgeni wala mwenyeji.

Wembe wa yule kijana wa Pangani niliupaka mafuta mepesi nikamrudishia bila ile kanga, maana nguo hushika unyevu, na upepo wetu wa bahari una chumvi. Afute na apake upya kila wiki mbili, hata kama hakunyoa.