Kukagua PSP (kifaa cha michezo cha mkononi cha Sony) iliyotumika kabla ya kuinunua Birere, Goma

Anza na betri. Fungua kifuniko cha nyuma, itoe, iweke juu ya meza bapa na uisukume kwa kidole: ikizunguka kama pia, imevimba. Usiichaji tena, inaweza kushika moto. Toleo la PSP-1000 hutumia betri nene ya 1800 mAh (kipimo cha uwezo wa betri). PSP-2000 na PSP-3000 hutumia nyembamba ya 1200 mAh, na ile nene haifungiki kwa kifuniko chao cha kawaida. Chaja ni ya volti 5.

Kisha fungua mchezo, sukuma kijiti cha kushoto pande zote, kiachie. Mhusika kwenye skrini akiendelea kutembea mwenyewe, vumbi jeusi la lava la hapa Goma limeingia chini yake, ama mguso wake (sehemu ya chini ya kijiti inayopitisha umeme) umechakaa. Vumbi husafishika kwa alkoholi na pamba. Mguso uliochakaa hubadilishwa.