Namna ya Kujenga Sauti ya Kinanda cha Roki kwa Kumfuata Jon Lord

Mpiga kinanda anayejiunga na bendi ya roki hukuta nafasi zimekwisha kuchukuliwa, kwa kuwa gita limejaza katikati, besi imeshika chini na ngoma hazibakizi upenyo. Jon Lord, Mwingereza aliyezaliwa Leicester mwaka 1941 na mmoja wa waanzilishi wa bendi ya Deep Purple mwaka 1968, alilipatia tatizo hilo jibu ambalo kwangu bado halijapitwa: hakushindana na gita kwa wingi wa nota, bali alikipa kinanda chake sauti nzito yenye mkwaruzo, inayoweza kusimama bega kwa bega na gita.

Anza na sauti hiyo. Lord alitumia Hammond C3, kinanda cha aina ya ogani chenye safu mbili za vitufe 61 kila moja, ambacho rangi ya sauti yake hupangwa kwa vipau 9 vya kuvuta katika kila seti, kisha akakiunganisha na amplifaya za Marshall zilizozoeleka kwa wapiga gita. Ikiwa kinanda chako ni cha kawaida, chagua sauti ya ogani yenye vipau, vuta vitatu vya kwanza hadi mwisho na uviache vingine ndani. Ongeza mkwaruzo (distortion) kidogo kidogo hadi nota moja iliyoshikiliwa ianze kunguruma. Sasa bonyeza do na sol pamoja, kisha do na mi, chini kabisa ya kinanda. Jozi ya kwanza itasimama imara, ilhali ya pili itavurugika kama tope, na hapo utaelewa kwa masikio yako kwa nini sauti ya namna hii hutaka nota chache.

Kazi inayofuata ni ya mguu. Kitufe cha Hammond hakijali kama umekigusa taratibu au umekipiga kwa nguvu, hivyo pumzi yote ya muziki hutoka kwenye kanyagio la sauti. Shikilia nota moja kwa mapigo manane, ukifungua kanyagio polepole hadi pigo la nne na kulirudisha polepole hadi la nane. Rudia zoezi hilo kila siku kabla ya kugusa wimbo wowote. Baadaye sikiliza mwanzo wa “Child in Time” wa mwaka 1970, unaofunguliwa na kinanda kwa upole mkubwa, kisha ujaribu kuupiga bila kuharakisha.

Katika utunzi, Lord alisoma muziki wa klasiki tangu utotoni na hakuuacha nje ya mlango wa roki. Tarehe 24 Septemba 1969, Deep Purple pamoja na okestra ya Royal Philharmonic Orchestra walipiga Concerto for Group and Orchestra, kazi aliyoitunga yeye, katika ukumbi wa Royal Albert Hall, London, chini ya uongozi wa Malcolm Arnold. Nawe jifunze kuandika nota, hata kama unaanza na mstari mmoja wa violini, na umpe mwenye violini aupige mbele yako. Kisha uhifadhi nakala zaidi ya moja, mahali tofauti. Nota za kazi hiyo kubwa zilipotea mwaka 1970, na ilimlazimu mtunzi Marco de Goeij kuzijenga upya kwa kusikiliza rekodi na kutazama filamu ya onyesho, ndipo kazi ikapigwa tena katika ukumbi uleule mwaka 1999.

Kuhusu utayarishaji, usisubiri studio ya kifahari. Desemba 1971, kasino ya Montreux, Uswisi, ambamo bendi ilikusudia kurekodi albamu ya Machine Head, iliungua, nao wakaishia kurekodi katika hoteli tupu, magodoro yakitumika kuzuia mwangwi na mitambo ikiwa ndani ya gari nje. Albamu hiyo waliitayarisha wenyewe. Unapochanganya sauti zako, weka gita upande mmoja na kinanda upande wa pili, punguza sauti za chini za kinanda hadi besi isikike waziwazi, kisha uzime kinanda kwa muda mfupi. Kama wimbo haujapungukiwa na kitu, rudi kwenye sehemu yako uiandike upya.