Kabla ya kulipa dola 405 za kufungua kesi: je, kesi yako ni ya mahakama ya shirikisho, na ni ya wilaya ipi?

Wengi wanaoniletea makaratasi ya kesi hapa Marekani wana imani waliyotoka nayo nyumbani, kwamba mahakama kubwa hupokea kila kitu. Kwa Kenya hawajakosea sana: ibara ya 165 ya Katiba inaipa Mahakama Kuu mamlaka yasiyo na mipaka katika mashauri ya madai na ya jinai. Mahakama ya shirikisho ya Marekani ina jengo la kutisha na walinzi mlangoni, lakini inasikiliza yale tu ambayo Katiba na Bunge la Congress wameiruhusu. Jaji akigundua hana ruhusa, hata kesi ikiwa imefika mwisho, anaitupa. Haijalishi kwamba nyote wawili mlikuwa radhi kuendelea.

Mwongozo huu umetokana na kesi ya kaka mmoja, dereva wa malori, Mkongo mwenye grini kadi anayeishi Columbus, Ohio. Aligongwa na lori la kampuni moja kwenye barabara ya I-70 karibu na Terre Haute, Indiana. Nimebadili mambo kadhaa asitambulike. Mimi si wakili. Kazi yangu ni kuandaa nyaraka katika ofisi ya mawakili. Ukimpata wakili, sikiliza wakili.

Hatua ya 1: Tenganisha maswali matatu

Chukua karatasi, chora safu tatu. Ya kwanza: je, mahakama ya shirikisho ina mamlaka juu ya aina hii ya kesi? Ya pili: je, mahakama za jimbo hili zina nguvu juu ya mdaiwa huyu? Ya tatu: kati ya wilaya 94 za mahakama za shirikisho, ipi ndiyo mahali pa shauri?

Usiyachanganye. Pingamizi la safu ya pili na ya tatu mdaiwa asipolitoa mapema, katika jibu lake la kwanza, amelipoteza. La kwanza halipotei kamwe.

Hatua ya 2: Je, dai limezaliwa na sheria ya shirikisho?

Ubaguzi kazini chini ya sheria ya haki za kiraia ya 1964, ovataimu isiyolipwa chini ya sheria ya shirikisho ya ajira, polisi aliyekuvunjia haki za kikatiba: hizi zinaingia kwa kifungu cha 1331 cha sheria za mahakama za shirikisho (28 U.S.C.), na kiasi cha fedha hakiulizwi. Ukiwa hapa, ruka hadi hatua ya 5.

Angalizo moja tu. Sheria hiyo ya shirikisho iwe ndani ya dai lako mwenyewe, isiwe ni kitu unachobashiri mdaiwa atajitetea nacho. Bwana na Bibi Mottley waliumia katika ajali ya treni mwaka 1871, kampuni ya reli ikawapa tiketi za bure za maisha. Congress ilipopiga marufuku tiketi za bure, kampuni ikagoma kuzihuisha. Wakashtaki mahakama ya shirikisho, wakashinda, na mwaka 1908 Mahakama ya Juu ikafuta yote kwa hiari yake bila kuombwa na yeyote: dai lao lilikuwa la mkataba tu, na sheria ya shirikisho ilikuwa utetezi wa kampuni.

Talaka, malezi ya watoto na usimamizi wa mirathi, usijisumbue. Nenda mahakama ya jimbo.

Hatua ya 3: Uraia wa kila upande

Kama dai lako ni la sheria za jimbo (ajali, mkataba, deni), mlango uliobaki ni kifungu cha 1332: wadai na wadaiwa wawe raia wa majimbo tofauti, au upande mmoja raia wa jimbo na wa pili raia wa nchi ya kigeni. Tofauti iwe kamili. Mdai mmoja tu akilingana na mdaiwa mmoja tu, mlango umefungwa; msimamo huo ni wa tangu 1806. Hapa ndipo kesi ya dereva wetu ilipolala muda mrefu kuliko hatua nyingine zote zikijumlishwa.

Anza na watu. Raia wa jimbo ni raia wa Marekani mwenye makao ya kudumu katika jimbo hilo, yaani pale anapoishi na anapokusudia kubaki. Kwenye hati usiandike kwamba mtu ni "mkazi" wa Ohio ukadhani umemaliza. Andika kuwa ni raia wa Ohio. Mahakama ya rufaa inayosimamia Indiana, Illinois na Wisconsin imerudisha hati nyingi kwa neno hilo moja. Mwenye uraia pacha huhesabiwa kwa ule wa Marekani peke yake. Na Mmarekani aliyehamia moja kwa moja Dar es Salaam au Muscat? Hana jimbo, na wala si mgeni. Kwa mlango huu hawezi kushtaki wala kushtakiwa, na Mahakama ya Juu ilishasema hivyo mwaka 1989.

Mwenye grini kadi bado ni raia wa nchi ya kigeni. Anaweza kumshtaki raia wa jimbo, isipokuwa raia huyo ana makao katika jimbo lilelile analoishi yeye. Mgeni dhidi ya mgeni, bila Mmarekani upande wowote, haingii kabisa, hata kama mmoja anaishi Texas na mwingine Maine.

Sasa kampuni. Shirika lenye hisa, lile linaloandikwa Inc. au Corp., ni raia wa jimbo lilikosajiliwa na pia wa jimbo lenye makao yake makuu, yaani wanakokaa viongozi wanaoliendesha (Hertz dhidi ya Friend, 2010). Rahisi.

LLC (kampuni yenye dhima ya kikomo, ambayo wamiliki wake huitwa wanachama) si rahisi. Watu huandika, "Mdaiwa ni LLC iliyosajiliwa Delaware, ofisi zake ziko Illinois," na hapo hawajasema lolote lenye maana. Usajili na ofisi havihesabiwi. LLC ina uraia wa kila mwanachama wake, yaani kila mmiliki. Mwanachama akiwa LLC nyingine, unaingia ndani ya hiyo pia, halafu iliyo ndani yake, mpaka ukutane na mtu mwenye pumzi au shirika lenye hisa.

Kampuni iliyomgonga kaka yetu ilikuwa LLC yenye wanachama wawili. Wa kwanza Mmarekani wa Indiana, safi. Wa pili LLC nyingine, na ndani yake ndugu wawili: mmoja raia wa Marekani anayeishi Illinois, mwingine mhamiaji wa Ulaya Mashariki mwenye grini kadi kama mdai wetu. Kwa hiyo upande huu Mkongo, upande ule mgeni mwenzake, na Wamarekani walio upande mmoja tu hawaokoi: mlango umefungwa. Kampuni za malori za wahamiaji zimejaa hali hii, na madereva wetu wa Afrika Mashariki na Kongo ndio wanaokutana nazo barabarani.

Wanachama utawapataje? Kwa mpangilio ninaoupenda mimi:

Kwanza ukurasa wa serikali wa usajili wa kampuni katika jimbo husika, kwa sababu kuangalia ni bure. Baadhi ya majimbo hutaja wanachama au mameneja. Delaware haitaji wanachama. Angalia kwamba meneja si lazima awe mwanachama.

Kisha ukurasa wa SAFER wa wakala wa usalama wa malori. Chukua namba ya USDOT (ya wizara ya uchukuzi) iliyoandikwa ubavuni mwa lori (picha za ajali zina faida), utapata jina halisi la kampuni na anwani. Wamiliki hawamo, ila jina halisi limewaokoa wengi wasimshtaki mtu asiyehusika.

Tatu, tafuta kesi za zamani za kampuni hiyohiyo kwenye CourtListener, tovuti ya bure, kabla ya kulipia senti 10 kwa ukurasa kwenye PACER, hifadhi rasmi ya nyaraka za mahakama za shirikisho. Tangu Desemba 2022 kanuni ya 7.1 ya mwenendo wa madai ya shirikisho inamlazimu kila mhusika katika kesi za aina hii kuwasilisha tamko la uraia wake. Tamko la kesi ya zamani linakupa mwanga, ingawa unachohitaji ni uraia wa siku utakayofungua kesi yako.

Nne, uliza kwa barua. Wakili wa bima ya kampuni mara nyingine hujibu.

Zile tovuti zinazouza "ripoti kamili ya mmiliki" ziacheni. Na msiandike "kwa kadiri nijuavyo" kuhusu uraia mkiwa Indiana au Illinois. Mahakama za huko hazipokei, ingawa sehemu nyingine za nchi huvumilia kidogo.

Hatua ya 4: Zaidi ya dola 75,000

Zaidi ya hapo, bila riba wala gharama za kesi. Dola 75,000 kamili haitoshi. Mdai mmoja anaweza kujumlisha madai yake dhidi ya mdaiwa mmoja. Wadai wawili wenye majeraha tofauti, kwa kawaida, hawajumlishi.

Hatua ya 5: Nguvu juu ya mdaiwa

Mdaiwa anashtakiwa pale alipo nyumbani, au pale alipofanya jambo lililozaa dai. Kuishi kwako Ohio hakuipi Ohio nguvu juu ya kampuni ambayo haikukufanyia lolote huko. Lori lilikugonga Indiana, Indiana inatosha.

Hatua ya 6: Wilaya

Kifungu cha 1391. Unachagua wilaya anakoishi mdaiwa yeyote, mradi wadaiwa wote wawe wa jimbo hilo, au wilaya ilipotokea sehemu kubwa ya mambo. Njia ya tatu hutumika tu hizo mbili zikishindikana. Terre Haute iko Wilaya ya Kusini ya Indiana, basi. Mdaiwa asiyeishi Marekani anashtakiwa wilaya yoyote. Ukikosea wilaya, jaji anaweza kuihamisha kesi badala ya kuitupa, kwa hiyo kosa hili haliui kama lile la hatua ya 3. Soma mkataba kwanza, kama upo: kipengele kinachotaja mahakama fulani huheshimiwa karibu kila mara.

Wanaoishtaki serikali kuu wana nafuu. Ukifanyiwa mahojiano ya uraia na siku 120 zikapita bila uamuzi, unafungua kesi wilaya unayoishi wewe.

Hatua ya 7: Jaza na uwasilishe

Tumia fomu ya bure ya Pro Se 1 (hati ya madai kwa asiye na wakili), hata kama mawakili wanaicheka. Fomu ya JS 44 (karatasi ya jalada la kesi): weka alama kwenye kisanduku kimoja tu cha msingi wa mamlaka. Ada ni dola 405, au omba msamaha kwa fomu ya AO 240. Una siku 90 za kumfikishia mdaiwa wito.

Dereva wetu hakufika hapa. Tulifungua mahakama ya jimbo la Indiana, ambako muda wa madai ya majeraha ni miaka 2, na kesi inayotupwa shirikishoni muda ukiwa umekwisha inaweza kukuacha mikono mitupu.

Kwa kweli, LLC ikiwa upande wa pili, napendelea kuanza jimboni. Mdaiwa akitaka kuihamishia shirikishoni ana siku 30 tangu apokee hati, na mzigo wa kuthibitisha uraia wa kila mwanachama unakuwa wake. Akiacha hata mmoja, omba kesi irudishwe; dosari ya mamlaka haina kikomo cha muda. Lakini kama hoja yako ni kwamba mmoja wa wadaiwa ni raia wa jimbo ulilofungulia kesi, jambo ambalo pia huzuia uhamisho, itoe ndani ya siku 30 tangu uhamisho, kwa maana mahakama nyingi huihesabu hiyo kuwa dosari ya utaratibu tu.