Matoleo Saba Tu: Jinsi ya Kukusanya na Kutunza Nintendo Fun Club News

Anayetaka kukusanya jarida la Nintendo Fun Club News na aanze kwa kujua idadi, kwa kuwa idadi yenyewe ni ndogo: matoleo saba tu, yaliyotolewa kati ya mwaka 1987 na katikati ya mwaka 1988 na tawi la Marekani la kampuni ya michezo ya video ya Nintendo, lenye makao yake Redmond katika jimbo la Washington. Muuzaji anayekuahidi toleo la nane ama hajui anachouza, ama amelichanganya jarida hili na mrithi wake, Nintendo Power, ambalo toleo lake la kwanza ni la Julai na Agosti 1988 na jaladani lina Mario aliyefinyangwa kwa udongo.

Uanachama wa klabu yenyewe, Nintendo Fun Club, ulikuwa wa bure, na jarida lilitumwa kwa posta kwa watoto na vijana waliokuwa na NES, mashine ya Nintendo ya kuchezea michezo ya video. Orodha ya wanachama ilipozidi kurefuka, ndipo Nintendo Power, jarida la kulipia, likachukua nafasi ya lile la bure. Kwa sababu hiyo nakala nyingi zilisomwa, zikakunjwa, zikachorwa kalamu na kutupwa. Usidai usafi ambao karatasi ya bure iliyopitia mikononi mwa mtoto haiwezi kuwa nao.

Hesabu kwa namba ya toleo, si kwa jina la msimu. Toleo la kwanza hutajwa kuwa la majira ya baridi ya 1987, na kwa kuwa baridi ya kaskazini huanza Desemba na kuvuka mwaka, mtu anaweza kuliweka mwishoni mwa orodha ya mwaka huo bila kujua. Ukipata kurasa zilizochomoka, zipime kwa michezo inayozungumzwa ndani yake. Kwa mfano, The Legend of Zelda ilianza kuuzwa Marekani Agosti 1987, hivyo ukurasa unaouzungumzia mchezo huo kama kitu kilichokwisha kufika madukani hauwezi kuwa wa toleo la kwanza.

Kabla ya kulipa, chukua lenzi ya kukuzia. Uchapishaji wa mashine kubwa za wakati ule huacha nukta za rangi zilizojipanga kwa mpangilio unaojirudia, ilhali printa ya nyumbani hutawanya vinukta ovyo. Kisha tazama pini za stapla: kutu yake huacha alama katika karatasi, na pini mpya inayong'aa penye matundu ya zamani yenye kutu ni dalili kwamba kurasa zimefunguliwa na pengine zimechanganywa. Mimi naona kipimo hiki kina thamani kuliko maelezo yote ya mnadani.

Katika kuhifadhi, weka kila nakala ndani ya mfuko wa plastiki ya poliesta pamoja na kadibodi isiyo na asidi, uilaze mahali pakavu na penye giza. Epuka mifuko laini ya plastiki ya PVC, ambayo hutoa kemikali za kuharibu wino kadiri miaka inavyokwenda.

Ukitaka kuziingiza kwenye kompyuta, tumia skana bapa kwa nukta 600 kwa inchi, bila kuukandamiza mgongo wa jarida, na uhifadhi picha asilia katika muundo wa TIFF kabla ya kurekebisha rangi.

Mkusanyaji makini huweka pembeni pia katriji ya mchezo wa ndondi wa NES, Mike Tyson's Punch-Out!!, ya mwaka 1987, ambamo Doc Louis, kocha wa bondia mdogo, humhimiza wakati wa mapumziko kati ya raundi na raundi ajiunge na Nintendo Fun Club. Tangazo hilo limedumu ndani ya mchezo kuliko klabu yenyewe.

Ukikuta lebo ya anwani juu ya nakala yako, usiibandue, maana ndiyo ushahidi kwamba ilipita posta. Ila katika picha utakazowapa wengine, lifunike jina na anwani ya mtoto yule, ambaye leo ni mtu mzima na hakuombwa ruhusa.