Namna ya kuandika msaada wa "Mistari laini" kwenye programu ya chati

Mtumiaji anayebofya alama ya kuuliza karibu na "Mistari laini" huwa na swali moja: huu mstari unaopinda kati ya nukta zangu umetoka wapi, maana sikuuandika mimi? Maelezo mengi hulikwepa swali hilo na kusema chaguo hili "huipendezesha chati". Kupendeza anakuona mwenyewe. Asichokiona ni kwamba sehemu ya mstari iliyo kati ya nukta mbili imebuniwa na programu, na hilo ndilo la kumwambia.

Kabla ya kuandika neno lolote, jaribu chaguo lenyewe kwa data ndogo yenye kona kali. Tuseme karani wa BMU (kikundi cha wavuvi cha kusimamia ufukwe) pale mwalo wa Deep Sea, Tanga, ameingiza kilo za samaki waliopimwa: Jumatatu 40, Jumanne 45, Jumatano na Alhamisi 0 kwa kuwa kusi ilikuwa kali na vyombo havikutoka, Ijumaa 60. Ukichora kwa splaini (hesabu ya kuchora mstari uliopinda bila kona) ya kipeo cha tatu yenye ncha huru, kati ya Jumatano na Alhamisi mstari unazama hadi karibu kilo 9 chini ya sifuri. Upande wa pili, kabla ya Jumanne unapanda hadi karibu 49, ingawa si Jumatatu wala Jumanne iliyofika hapo. Hiyo si hitilafu ya programu. Splaini hufanya kazi kama ufito mwembamba ambao fundi wa majahazi anaupinda kwenye misumari: ukiubana ushuke ghafla mahali pamoja, unabenuka pembeni. Ufito hauwezi kuvunjika kona, na hesabu yake pia haiwezi.

Sasa muulize mtengeneza programu maswali mawili, na usikubali jibu la "ni splaini tu". La kwanza: mstari unapita kwenye kila nukta? La pili: unaweza kuvuka thamani kubwa na ndogo za data? Majibu hutofautiana hata pale majina yanapofanana. B-splaini (aina moja ya splaini) ya LibreOffice Calc, programu ya lahajedwali, hupita kwenye nukta zote. Ile ya D3, maktaba ya msimbo ya kuchora chati, iitwayo curveBasis hupita karibu nazo tu, kwa hiyo kilele cha kweli huonekana kifupi. Njia za aina ya "monotone", zilizopo D3 na Chart.js (maktaba nyingine ya aina hiyo), hupita kwenye nukta na hazivuki, hivyo zile sifuri mbili za karani zingebaki sifuri.

Andika kwa tabaka tatu. Lebo iwe fupi: "Mistari laini". Peke yake "Laini" haitoshi, maana wengi watafikiria laini ya simu. Kidokezo kinachotokea kipanya kikisimama juu yake kiwe sentensi moja: "Huunganisha nukta kwa mstari uliopinda badala ya ulionyooka." Kisha aya ya msaada, ambayo mpangilio wake una uzito. Kwa programu inayotumia splaini ya kawaida, aya hii inatosha:

"Ukichagua Mistari laini, nukta zako huunganishwa kwa mstari uliopinda. Mstari hupita kwenye kila nukta, na takwimu ulizoingiza hazibadiliki. Sehemu iliyo kati ya nukta mbili ni makadirio ya programu. Inaweza kupanda juu ya thamani yako kubwa au kushuka chini ya ile ndogo, hata chini ya sifuri. Kama thamani zako haziwezi kuwa chini ya sifuri, tumia Mistari iliyonyooka."

Kama mstari haupiti kwenye nukta, badilisha sentensi ya pili yote: "Mstari hupita karibu na nukta, si lazima uziguse." Usiweke "kwa kawaida" pale ambapo jibu ni ndiyo au hapana.

Vidirisha vya ndani ndiko maneno yanakoharibika zaidi. Ile namba inayoamua mstari uchorwe kwa ulaini kiasi gani, ambayo Calc huanza nayo ikiwa 20, usiiite "Azimio". Msomaji atakumbuka mkutano. Sema inachofanya: "Vipande kati ya nukta". Maelezo: "Ukiweka 20, kila nafasi kati ya nukta mbili huchorwa kwa vipande 20 vifupi vilivyonyooka. Namba kubwa hulainisha mwonekano, haiongezi usahihi." Sentensi ya mwisho isikatwe hata nafasi ikibana, kwa kuwa watu huipandisha namba hiyo wakitumaini ukweli zaidi.

Kwa daraja la polinomia (kipeo kikubwa kuliko vyote katika hesabu ya splaini) andika "Kipeo", na uhakikishe hakuna aliyechapa "kipeuo", ambalo ni jambo jingine kabisa. B-splaini ya kipeo fulani huhitaji nukta zinazozidi kipeo hicho kwa moja, hivyo ujumbe wa kosa useme hesabu kamili: "Nukta hazitoshi. Kipeo cha 3 kinahitaji angalau nukta 4." Ujumbe wa "Thamani batili" haumsaidii mtu.

Kuhusu mkazo (tension, namba inayoamua mstari upinde au unyooke kiasi gani), angalia ni upande upi wa kipimo unaonyoosha. Kwenye Chart.js, tension ya 0 ni mstari ulionyooka. Kwenye curveCardinal ya D3, 1 ndiyo inayonyoosha. Anayenakili maelezo kutoka mradi mmoja kwenda mwingine huandika kinyume, na hakuna atakayegundua mpaka mtumiaji avute kitelezi.

Ongeza mfano mmoja wa pale chaguo linapofaa. Jedwali la maji la bandari ya Tanga hutoa saa na kimo cha maji kujaa na kupwa, na kati yake maji hupanda na kushuka polepole, kwa hiyo mstari uliopinda unakaribia hali halisi kuliko ulionyooka. Hata hapo njia ya "monotone" ni bora: mstari unageuka saa ileile ya jedwali, wakati splaini ya kawaida huweza kuweka kilele kando kidogo na juu kidogo ya kimo kilichoandikwa. Mfano wa pale lisipofaa ni mhimili wa majina. Kati ya Muheza, Korogwe na Lushoto kwenye chati hakuna thamani ya katikati ya kukadiriwa. Hapo elekeza kwenye chati ya nguzo.

Mwisho, mpe karani maandishi yako pamoja na ile chati ya samaki, umuulize: Jumatano usiku zilipimwa kilo ngapi? Akisoma jibu kwenye mstari, aya bado haijakaa sawa. Rudi kwenye sentensi ya makadirio na uipandishe iwe ya kwanza.