Kura ya madiwani London kwa sisi wenye pasipoti ya Kenya au Tanzania

Nilikaa London miaka sita nikidhani kura ni ya Waingereza tu. Kumbe raia wa nchi ya Jumuiya ya Madola mwenye kibali halali cha kuishi huku anaruhusiwa. Jiandikishe mtandaoni mapema. Daftari hufungwa siku 12 za kazi kabla ya uchaguzi, na ukichelewa hakuna wa kumlilia.

Uchaguzi huja kila baada ya miaka minne, Alhamisi ya kwanza ya Mei, saa moja asubuhi hadi saa nne usiku. Mimi hupitia nikitoka kazini. Beba kitambulisho chenye picha. Pasipoti yetu inakubalika, hata iliyokwisha muda, mradi sura bado ni yako. Kadi ya kazini iache mfukoni.

Watu hukosea kwenye karatasi yenyewe. Kata nyingi huchagua madiwani watatu au wawili, kwa hiyo soma maelezo ya juu uone una alama ngapi za X. Mara ya kwanza nilitia moja nikatoka mbio, nikajinyima mbili! Kupunguza ruksa, ukizidisha, kura imeharibika. Wala si lazima wote wawe wa chama kimoja. Ukikosea kabla ya kuitumbukiza kisandukuni, irudishe kwa msimamizi, utapewa nyingine.